Kadi Yenye Mungu na Kadi Isiyo Naye

Wenzangu mliobaki ghorofa ya pili, mliniaga kwa keki na saa ya ukutani, kisha mkaniomba niandike niliyojifunza. Keki iliisha kabla sijakata kipande changu. Saa nimeitundika jikoni, nayo inakwenda mbele kuliko saa zote za mtaa wetu wa Guildford. Limebaki la tatu, ombi lenu. Mambo ya vyeo na madaraja siyagusi. Hayo yamo kwenye mafaili, na hayajawahi kumfundisha mtu namna ya kupanga viti.

Nilifika Sydney kumfuata mume wangu. Nyumbani Tanga nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya manispaa, na huko nilizoea shughuli ya serikali kufunguliwa na sheikh, padri akapokea, mgeni rasmi akaitikia amina mara mbili, watu wakaketi wakaanza kutazama soda. Hakuna aliyeuliza maswali. Kwa hiyo halmashauri ya hapa iliponiajiri, nikapangiwa kitengo cha mikutano na sherehe za uraia, sikudhani kama Mungu angekuwa sehemu ngumu ya kazi. Nilidhani sehemu ngumu ingekuwa Kiingereza cha kwenye simu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Maureen. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjukuu wa Waairishi, Mkatoliki asiyekosa misa ya Jumapili na asiyekosa matusi kuanzia Jumatatu. Alinipeleka kwenye kabati nyuma ya ukumbi. Ndani mlikuwa na bendera, kipaza sauti kilichofungwa kwa utepe mweusi, vitabu vitakatifu vya dini mbalimbali, kila kimoja kwenye kitambaa chake safi, na mafungu mawili ya kadi.

"Hizi zina Mungu," alisema, akiweka mkono juu ya fungu la kwanza. "Na hizi hazina."

Nilidhani anatania, kumbe ndivyo sheria ilivyo. Mtu anayepokea uraia hapa hutamka ahadi ya utii, na ahadi hiyo ina namna mbili. Moja inasema naahidi "chini ya Mungu", na nyingine inayaruka maneno hayo. Mengine yote ni yale yale, na nguvu ni ile ile.

"Kazi yako ni kuwapa wachague," Maureen aliniambia. "Usimshauri mtu. Usiinue hata nyusi. Wewe ni mwenyeji wa chumba, si mwenyeji wa Mungu wao."

Nimefundishwa mambo mengi na watu wenye shahada. Nililolitumia kila wiki ni hilo.

Vikao vya madiwani vilikuwa na desturi nyingine. Kabla ya ajenda, kasisi wa kanisa la jirani alisoma dua fupi ya Kikristo, watu wote wamesimama. Mara yangu ya kwanza, diwani mmoja aliutazama ushungi wangu akaninong'oneza kwa wema kabisa kwamba ningeweza kutoka nje kidogo kama ningependa. Nikamwambia nitasimama tu. Nimesimama misibani na harusini kwa dua za kila namna, miguu haijawahi kunidai. Kasisi alipomaliza, Maureen akanigusa kiwiko. "Vizuri," akasema. "Sasa kaangalie maji ya chai, ule mtungi huwa unajizima."

Kazi yenyewe ni ya mikono kuliko mnavyodhani mnapoiomba. Kipaza sauti kishushwe kabla mtu mfupi hajafika, maana ukikishusha mbele yake umeshamwambia ukumbi mzima kuwa ni mfupi. Jina la mtu mpigie simu jana yake akufundishe kulitamka, kisha liandike kwa tahajia yako mwenyewe, ya kihuni, ili meya aisome. Miche ya miti tunayowagawia raia wapya iwekwe mlangoni, si jukwaani, kwa sababu watoto huing'oa. Na kadi za ahadi, tafadhalini, msimpe mume azigawe kwa familia. Kila mkono upewe kadi yake. Hilo la mwisho nilikuwa nikilifanya kwa mazoea tu, mpaka siku walipokuja Pasta Bahati na Mama Safi.

Walikuwa Wakongo wa Uvira waliopitia kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kuletwa Australia. Siku za kazi Pasta alifanya kazi ghalani, akiendesha mashine ya kupanga mizigo, na Jumapili aliongoza kanisa dogo lililokodi ukumbi wa shule Merrylands. Mkewe, Mama Safi, alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea upande wa Liverpool, humu humu Sydney. Kwa kuwa alikaa Kigoma miaka mingi, aliniamkia shikamoo kama mtu wa kwetu, kisha akaendelea kwa Kiswahili chao, chenye Kifaransa ndani na ngeli zinazokwenda zipendavyo.

Nikawanyooshea mafungu yote mawili. Pasta akachukua kadi yenye Mungu, kisha akanyoosha mkono achukue na ya mkewe.

"Kila mtu achague yake, Pasta," nilisema.

Mama Safi akazisoma zote mbili polepole, midomo ikicheza. Akachukua ile isiyo na Mungu.

"Mama Safi, umekosea," mumewe akamwambia. "Hiyo haina Mungu."

"Sikukosea."

Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mlangoni. Pasta alinitazama mimi kana kwamba kadi nimeiandika mwenyewe. Sikuinua nyusi. Waliapa wakiwa wamesimama bega kwa bega, kila mmoja na maneno yake, na kwenye picha ya ukumbusho wameshika miche yao, mke anacheka, mume anatazama pembeni.

Kabla hawajaondoka, Mama Safi alinifuata nilipokuwa nikikunja bendera. "Dada Mwanaidi, usinizanie vibaya. Mimi sikatai Mungu. Mungu ni wangu. Lakini ile karatasi ni ya Leta." Leta ndiyo serikali kwa Kiswahili cha kwao. Nikamwambia hana haja ya kunieleza. Naye hakunieleza zaidi.

Maureen alikuwa amekwisha kustaafu Dale alipojiunga nasi. Wengi wenu mnamfahamu: Mmarekani kutoka jimbo la kusini, aliyeoa Sydney akabaki. Alishughulikia kanuni za vikao. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, na Dale mwenyewe alikwenda kanisani kuliko mtu yeyote katika jengo lile, lakini dua ya kufungulia kikao ilimkera kuliko ilivyowakera wasioamini.

"Nasali mwenyewe," alikuwa akisema. "Sihitaji karani wa serikali anisalie."

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba katiba ya Australia ina kifungu kinachokataza serikali kuu kuanzisha dini au kumlazimisha mtu ibada, na kwamba walioiandika walichungulia ya kwao Marekani. "Lakini nyinyi mlichukua kifungu mkaacha ugomvi," aliniambia. Kwao, alisema, watu hawajaacha kubishana. Hawa wanasema waasisi walitaka taifa la Kikristo, wale wanasema walitaka ukuta kati ya kanisa na serikali. Sala shuleni, amri za Mungu ukutani mwa mahakama, wachungaji wakiwashika mabega wanasiasa. Kaka yake alikuwa upande mmoja, yeye upande wa pili. Kwa muda mrefu hawakuwa wamekula meza moja. Alilisema hilo akitazama skrini yake, nami nikajua si la kuchimbwa.

Sikutegemea ugomvi huo utapanda ndege. Ulipanda.

Tulipata diwani mpya, mwenye biashara ya vigae, mtu mpole aliyewauguza wazazi wake wote wawili mpaka mwisho. Alikwenda Marekani kwenye kongamano la viongozi Wakristo akarudi moyo unawaka. Akaleta hoja ya mambo mawili: dua ya kikao iandikwe katika kanuni zetu kuwa ya Kikristo, isibadilishwe, na sherehe za uraia nazo zifunguliwe kwa dua hiyo hiyo. Madiwani wengine wakajibu kwa hoja ya kuiondoa dua kabisa, pawe na ukimya mfupi, kila mtu afanye lake moyoni. Nilizungumza na yule wa vigae mara nyingi kwenye korido, na sikumwona kuwa mtu mbaya. Aliogopa kwamba mji wetu hauna tena kitu kimoja ambacho watu wote wanakisimamia. Alisema hivyo, na hofu hiyo niliielewa. Kuhusu sherehe, Dale alimwandikia kwamba miongozo ya kitaifa hairuhusu ziwe jukwaa la dini. Diwani akajibu kuwa miongozo hubadilishwa.

Simu za Waswahili wa Sydney nazo zikawaka. Makundi yetu ya ujumbe, ambayo kazi yake ilikuwa misiba, harusi na nani ana unga wa muhogo, yakajaa video za wahubiri wa Marekani. Pasta Bahati ana mdogo wake kule, ndiye aliyekuwa akimtumia. Pasta aliniambia mwenyewe, dukani Merrylands, mbele ya mafungu ya sombe, kisamvu cha Wakongo, iliyogandishwa: "Dada, kule Amerika wanamurudisha Mungu mu bureau ya Leta. Na sisi hapa tulale?" Vijana wa Kitanzania, Waislamu, wakajibu kwa video zao. Mtu akamwita mtu kafiri. Mtu akajiondoa kwenye kundi, mwingine akamrudisha kwa nguvu, akajiondoa tena. Chama chetu cha kuzikana, kilichomzika Mkristo na Mwislamu kwa jembe lile lile, kilianza kunong'ona habari ya kugawanyika. Mume wangu alikuwa marehemu tayari. Chama hicho ndicho kilichonishika siku ya maziko yake. Ndiyo maana niliogopa.

Nami sikuweza kusema lolote. Mtumishi wa vikao hana upande. Niliandaa taarifa, nikapanga viti vya ziada, nikapokea majina ya wananchi waliotaka kuzungumza. Pasta Bahati alijiandikisha kuunga mkono hoja ya dua. Siku mbili baadaye simu ikalia mezani kwangu.

"Shikamoo dada. Naruhusiwa kusema kitu chenye si cha mume wangu?"

"Marahaba, Mama Safi. Unaruhusiwa."

"Nitasema kwa Kiswahili. Kingereza yangu ni ya kuogesha wazee, haitoshi."

"Tutakuwekea mkalimani."

"Na wewe?"

"Mimi siruhusiwi kuwa na upande."

"Sikuombi upande, dada. Nakuomba Kingereza."

Nikamwambia mkalimani atakuwepo kwa njia ya video, mwenye leseni. Nikaweka simu chini. Nikakaa nikiyatazama majina mawili ya ukoo mmoja, moja la kuunga mkono, moja la kupinga, na sikuwa na ruhusa ya kumwambia mumewe.

Jioni ya kikao jua la kiangazi lilikuwa bado kali madirishani. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Waumini wa Pasta walikuja na mavazi ya Jumapili. Pasta aliitwa kwanza, akazungumza Kiingereza alichokifanyia mazoezi. Alisema ametoka nchi ambayo wakubwa hawakumwogopa Mungu, na dunia nzima imeona matokeo yake. Kwamba anaishukuru Australia, na kwa kuwa anaishukuru, hataki iondoke kwa Mungu. Alizungumza vizuri. Watu wake wakapiga makofi, na hata mimi, kama mikono yangu ingekuwa yangu, labda ningempigia kwa ile sehemu ya shukrani.

Kisha meya akalisoma jina la Mama Safi. Pasta akageuka. Mkewe alikuwa ameketi safu ya nyuma na sare ya kazini, akitokea Liverpool moja kwa moja.

Video ya mkalimani ikaganda. Tukaifungua upya, ikaganda tena. Mkalimani akawa mdomo wazi ukutani na sauti hakuna. Meya akamwuliza Dale, Dale akasema kanuni inaruhusu mtumishi kutafsiri iwapo hakuna anayepinga. Meya akaniuliza, kisha akauuliza ukumbi. Diwani wa hoja akasema hana pingamizi. Macho yote yakaelekea kwa Pasta Bahati.

"Dada Mwanaidi ni mtu wa haki," akasema. "Atafsiri."

Nikasimama kando ya Mama Safi. Nikashusha kipaza sauti kabla hajafika. Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya anayemtafsiria, ndiyo taratibu. Kwa hiyo yote aliyoyasema kwa Kiswahili niliyasema mimi kwa Kiingereza, nimevaa ushungi wangu, kama yangu.

"Mimi niko Mukristo," alianza. "Niko bibi ya Pasta. Mungu sijamuacha hata siku moja. Wakati wa vita mume wangu alitangulia kuvuka ziwa na mutoto. Mimi nilibaki na mama yake, alikuwa mugonjwa. Alipokufa, nikatoka. Ku barabara kulikuwa barrière, kamba na watu wa bunduki. Wale wanaume wa barrière walikuwa wanasali sana. Mukubwa wao alishika Biblia. Akasema, hapa sasa kuko serikali ya Mungu, kila anayepita asali Baba Yetu. Asiyetaka, hatumulazimishi, arudi alikotoka. Nyuma yetu nyumba zilikuwa zinaungua."

Nilitafsiri.

"Mbele yangu alikuwa Muzee Ramazani, fundi wa baisikeli. Alitengenezea watu wote baisikeli, hata Pasta. Alikuwa Muislamu. Alijaribu. Alitusikia tukisali miaka yote, akashika maneno. Akafika ku mukate wetu, akakwama. Wakamuweka pembeni. Kisha wakaniambia mimi, sali. Nikasali. Nikasali vizuri, sikukosa neno. Nikapita. Na nyuma yangu nikasikia."

Hakumalizia alichokisikia. Na mimi, sentensi ile nilipoifikia kwa Kiingereza, sikuwa na kitu cha kuimalizia. Nimesimama hapo, Mwanaidi binti wa Tanga, nimewaambia watu wazima mia hivi kwamba nilisali vizuri nikapita. Mama Safi akanigusa mgongo, yeye kunituliza mimi.

"Najua hapa si pale," akaendelea. "Nyinyi si wale watu, hapa hakuna bunduki. Nasema tu kile ninachojua. Mutu wa Leta akisha kuniambia sali, ile sala haiendi tena kwa Mungu. Inaenda kwake. Muniache nisali nyumbani, na kanisani, na kwa wazee wangu wanaponiomba. Hapa muniite tu jina langu, nikae."

Diwani wa hoja aliomba kuuliza swali. Alivua miwani kwanza. "Na kama dua ingekuwepo, lakini hakuna anayelazimishwa kuitikia?"

Nikamtafsiria. Mama Safi akakisogelea kipaza sauti.

"Hata pale walisema hawalazimishi," akajibu.

Diwani yule nampa heshima yake hapa, kwa sababu wengine hawakumpa. Alivaa tena miwani, akasema anaiondoa sehemu ya sherehe za uraia, wala hahitaji kura kwa hilo. Iliyobaki, ya dua ya kikao, ikapigiwa kura. Hoja ya ukimya ikashinda kwa kura moja. Si yake, yeye alipiga upande wake mpaka mwisho. Kasisi wetu mzee wa jirani, aliyekuwa akisoma dua ile miaka yote, alinyanyuka akaenda kumshika Mama Safi mkono, akarudi kuketi.

Nilikwenda msalani nikanawa uso. Nilipotoka Dale alikuwa mlangoni na kikombe cha chai yenye maziwa kama ya mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwetu hili lingekwenda mahakamani," akasema, "kisha mahakama ya juu, kisha ya juu zaidi. Na mwisho tusingekuwa tunasalimiana."

"Hatujaona kama hapa watasalimiana," nikamwambia.

Maana kupitia dirishani niliwaona Pasta na mkewe maegeshoni, wamesimama pande mbili za gari lao. Ilinibidi nipite hapo kwenda kituo cha treni, na hakukuwa na njia nyingine.

"Kwa nini hukuniambia?" Pasta alikuwa akiuliza. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea.

"Uliponipokea Kigoma ulipiga magoti. Ukasema Mungu amenipitisha. Ulifurahi vile, Baba Safi. Ningekuambia ni nini ilinipitisha?"

Pasta akazunguka gari. Nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili. Akamfungulia mlango, akangoja mpaka ameketi, akaufunga taratibu, kisha akaegemea paa la gari, paji la uso juu ya bati. Nikapita bila kuaga.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilisikia familia kadhaa zimehama kanisa, zikisema mchungaji asiyetawala nyumba yake hawezi kutawala kondoo. Mdogo wake wa Marekani alimpigia akamlaumu. Makundi ya simu yalikuwa kimya, kimya cha watu wanaojizuia. Kila nilipopanga viti niliwaza: mdomo niliouazimisha kwa nia njema, je, umevunja nyumba ya watu na chama cha watu? Usingizi ulinipungua. Nilianza kufikiri kustaafu mapema, na nikitaka kusema kweli, si kwa sababu ya magoti niliyowatajia nyinyi.

Ndipo asubuhi moja Pasta Bahati akatokea kaunta na koti lake la kazini linalong'aa.

"Dada, nataka kukodi ukumbi."

"Wa ibada?"

"Ya Muzee Ramazani." Akatazama mikono yake. "Hakuzikwa. Hana mutu hapa. Mimi nilipanda ile baisikeli aliyotengeneza mpaka ku mulango ya ziwa. Nyinyi Waislamu, mutu kama huyo munamuombeaje?"

Nilimwambia kuna kijana wa Kitanzania, mwanafunzi wa uhandisi, anayetusalisha Ijumaa, naye atajua. Nikampa na sheria ya ukumbi, maana kazi ni kazi: viti virudishwe, jiko lifutwe. Ukumbi wa halmashauri ni wa kukodi, na aliyeukodi husali apendavyo. Hilo nalo ni sehemu ya mpango wetu, msilisahau mkibanwa na watu wanaodhani tumeifukuza dini mjini.

Walikuja wote. Wakongo upande mmoja na vitenge vyao, Watanzania upande mwingine, Wakenya wakichelewa. Kijana wa uhandisi akasoma hitma. Pasta alikaa mikono juu ya magoti mpaka mwisho. Kisha Mama Safi akasimama akatueleza Mzee Ramazani alikuwa mtu gani: alivyokuwa akipiga mluzi akiziba tairi, alivyokataa kukopesha pampu yake hata kwa padri. Watu wakacheka. Kwa mara ya kwanza tangu hoja ile iletwe, nilisikia watu wangu wanacheka ndani ya chumba kimoja, na kitu kilichokuwa kimenikaba kifuani kikaachia hivi, polepole, kama mkanda baada ya pilau. Habari ya kugawa chama haikutajwa tena. Waliohama kanisa, wengine walirudi, wengine hawakurudi, na kanisa lipo.

Hayo ndiyo niliyonayo. Mabishano haya yatawarudia. Yatakuja na diwani mwingine, na video nyingine, kutoka Marekani au kwingine, na watu wa pande zote watawatazama nyinyi wa kitengo cha mikutano wakitaka mwinue nyusi. Msiinue. Lakini msidhani kutokuwa na upande ni kutokuwa na moyo. Sikilizeni vizuri kila mtu anayeomba dakika zake tatu, hata yule mnayejua atasema nini, kwa sababu hamjui.

Nilipokwisha kustaafu, Pasta na Mama Safi walinialika chakula cha mchana kwao. Palikuwa na ugali wa muhogo, sombe na samaki wa kukaanga, na Safi binti yao, aliyekuwa akitusikiliza kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza. Tulipokwisha kunawa, Pasta akaegemea kiti.

"Dada Mwanaidi, sasa si wa Leta tena. Tuambie kweli. Siku ile ungepiga kura upande gani?"

Miaka zaidi ya ishirini ya kazi nilikuwa nikingoja mtu aniulize upande wangu, na nilidhani jibu lingekuwa refu. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye Tanga ndani yake, na sheikh na padri. Haikuja. Nilijisikia mwepesi tu, kama aliyeshushiwa mzigo kituoni.

"Upande wa Mama Safi," nikasema.

Pasta akachungulia jikoni alikokuwa mkewe, akanisogelea, akapunguza sauti.

"Hata mimi," akasema. "Lakini usiwaambie waumini."

"Baba Safi!" mkewe akaita kutoka jikoni. "Waumini wanajua tangu ile siku ya Muzee Ramazani. Ni wewe tu tulikuwa tunakungoja useme."